Mcheza Kwao Hutunzwa

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita, Dar es Salaam, mbele ya watu wanaoandika, wanaotafsiri na wanaozilea programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha. Nilizungumzia namna ya kuwatunza wanaojitolea kuzitengeneza. Wengi mlioshindwa kufika mmeniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale.

Wenyeji wetu, walimu wangu mliopo hapa, kaka na dada zangu, naomba niseme itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Naanza na harusi. Ilikuwa Tanga, mtoto wa mjomba anaolewa, na taarabu imeletwa. Shangazi yangu alikuwa ameketi kimya tangu jioni, miguu inamsumbua. Mwimbaji alipofika ubeti wa tatu, shangazi akanyanyuka. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, akaikunjua polepole mbele za watu. Hakwenda moja kwa moja jukwaani. Alizunguka kwanza, akicheza kwa mabega, ukumbi mzima unamtazama, vigelegele vinapanda, ndipo akamfikia mwimbaji na kumtunza. Mwimbaji akaurudia ubeti ule. Na safari hii aliuimba hata wapiga ngoma wakageuka kumtazama.

Sasa nawauliza: ile elfu tano ilikuwa mshahara? Hapana. Bendi ilishalipwa wiki mbili kabla, kwa mapatano, na baba wa bibi harusi. Ile noti ilikuwa neno. Shangazi alikuwa anasema: nimekusikia, na nataka wote waliomo humu wajue kuwa nimekusikia.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Lisikilizeni neno lenyewe, kutunza. Kumtunza mtu ni kumpa zawadi kwa ufundi aliouonyesha. Na kumtunza mtu ni kumlea, kumwangalia asiharibike. Neno ni moja. Kwa miaka mingi nilidhani hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Siku hizi siamini hivyo, na yote nitakayosema leo yamo ndani ya neno hilo.

Kwa maana sisi nasi tunachezewa ngoma kila siku, ndugu zangu. Nani hapa ana simu ya Android mfukoni? Naona mikono karibu yote. Chini ya Android kuna Linux, mfumo huria unaoiendesha, na Linux ilianza mwaka 1991 kwa mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyewaambia wenzake kuwa anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha tu. Leo wengi wanaoiandika Linux wameajiriwa na makampuni, na ni vizuri. Lakini pembeni yake kuna maelfu ya programu ndogondogo, zile zinazobana faili, zinazosoma tarehe, zinazofunga milango ya mawasiliano yetu ya benki, na nyingi kati ya hizo zinalelewa na mtu mmoja, usiku, akishatoka kazini, watoto wakishalala. Huyo anatuchezea. Je, tunamtunza?

Nitawaambia kilichonipata mimi.

Kulikuwa na programu huria ya maktaba, na mwalimu mmoja rafiki yangu aliifunga kwenye kompyuta ya shule yake. Ikafanya kazi vizuri, mpaka siku ya kuandikisha wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kila mtoto mwenye jina lenye ng' programu inamkataa. Kina Ng'wandu, kina Ng'ang'a, wote nje. Mwalimu akaanza kuwaandika Ngwandu, Nganga, ili maisha yaendelee, na mtoto mmoja akamwambia, "Mwalimu, huyo siye mimi." Mnaoandika programu mmeshaelewa. Ile ritifaa, kile kialama kidogo cha juu, programu ilikiona ikadhani jina limeishia hapo. Kosa la siku zote, dawa yake inajulikana. Nikanunua bando, nikakaa usiku mbili, nikalirekebisha. Mistari mitatu. Nikaandika maelezo kwa Kiingereza cha adabu, nikawatumia wenye programu.

Kimya.

Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua barua pepe kila asubuhi kabla ya chai. Mwezi wa pili nikapunguza. Mwezi wa saba nikapata jibu, na jibu lenyewe halikuandikwa na mtu. Mashine ilisema ombi langu la marekebisho limefungwa kwa kuwa halijashughulikiwa kwa muda mrefu. Jamani! Nani alitakiwa kulishughulikia? Si mimi! Sikuwa nataka fedha. Sikuwa nataka fulana. Nilitaka mtu mmoja aniambie amesoma ile mistari mitatu, hata kama ni kuniambia nimekosea. Sikurudi tena kwenye mradi ule. Na nitakuwa mkweli kwenu, kwa karibu miaka miwili sikurudi kwenye mradi wowote.

Aliyenirudisha ni mtu nisiyewahi kumwona kwa macho. Nilimtumia sahihisho dogo la tafsiri, neno moja tu la Kiswahili lililokaa vibaya kwenye kitufe. Siku ya pili akajibu. Akasema: asante, nimelijaribu, limekaa vizuri, hivi neno lile jingine pale chini nalo uliliona? Basi. Maneno yasiyojaa kiganja. Usiku ule nilitafsiri skrini nne. Toleo jipya lilipotoka, kwenye orodha ya waliochangia, jina langu lilikuwepo, limeandikwa sawasawa, katikati ya Mjapani na Mbrazili. Nikamwonyesha mama. Mama akavaa miwani, akalisoma, akauliza, "Wamekupa shilingi ngapi?"

Nikamwambia, hawajanipa kitu, mama. Akanitazama. Akalitazama tena lile jina. Akasema, "Basi lipige picha, nimtumie dada yako."

Mama alikuwa ameelewa kitu ambacho miradi mingi haijakielewa. Zawadi ya kwanza ni jibu. Ya pili ni jina. Na zote mbili hazina gharama ila muda wa mtu, ndiyo maana zinatushinda.

Yupo profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Donald Knuth, mtu mkubwa sana katika sayansi ya kompyuta. Huyu aliweka ahadi kuwa yeyote atakayeona kosa katika vitabu vyake atampa hundi ya dola 2.56. Mbona 2.56? Kwa sababu kwa mtu anayehesabu kwa namba za kompyuta, senti 256 ni namba kamili kama mia moja ilivyo kwetu. Dola mbili na senti! Haifiki nauli. Na watu walizifanya nini hundi zile? Walizitia kwenye fremu wakazitundika ukutani. Wengi hawakuzipeleka benki kabisa. Mwaka 2008 aliacha kutoa hundi za kweli, kwa hofu ya matapeli wanaotumia namba za akaunti, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni, benki isiyokuwepo duniani. Je, watu waliacha kutafuta makosa? Hawakuacha. Walikuwa hawaitafuti dola. Walitaka karatasi yenye jina lao na saini ya Knuth, inayosema: hapa uliona, mimi sikuona.

Na kuna jingine, la juzijuzi kidogo. Tarehe 19 Aprili 2021 helikopta ndogo iitwayo Ingenuity iliruka kwenye sayari ya Mirihi, mara ya kwanza chombo chenye injini kuruka na kuongozwa katika sayari nyingine. Ndani yake kulikuwa na programu huria. GitHub, tovuti ambako programu huria nyingi huwekwa, wakishirikiana na NASA, shirika la anga la Marekani, wakafuatilia ni nani na nani walioandika vipande vile, wakapata karibu watu 12,000, na kila mmoja wakamwekea beji ndogo kwenye ukurasa wake. Fikirieni. Mtu umerekebisha kosa moja miaka sita iliyopita, umesahau, unaamka asubuhi unaambiwa mstari wako uko Mirihi. Ile beji hailiki. Lakini niambieni, mwaka huo ukiombwa kurekebisha kosa jingine, utakataa?

Sasa nije kwenye jambo zito, na hapa naomba tusemezane kama ndugu, kwa sababu linatugusa sisi wa huku kuliko wengine.

Posho.

Tunaijua posho. Tumeketi kwenye semina ambazo mtu anafika saa nne, anasaini karatasi ya mahudhurio, anauliza chakula ni saa ngapi. Siyo kwamba watu ni wabaya. Maisha ni magumu, na posho imekuwa sehemu ya maisha. Lakini nimeona ilichotufanyia. Tulikuwa na kikundi chetu cha kutafsiri programu kwa Kiswahili, watu saba, tunakutana Jumapili mchana kwenye baraza la nyumba ya mwenzetu. Chai tunachanga. Miaka miwili, kila Jumapili. Akaja mfadhili mmoja, nia yake njema kabisa, akasema atatuwezesha: ukumbi, chakula, posho kwa kila anayehudhuria. Jumapili ile walikuja watu zaidi ya hamsini. Tukafurahi, tukapiga picha. Miezi mitatu baadaye fedha zikaisha. Mnadhani tulirudi saba? Tulirudi watatu. Wale wanne wa mwanzo, waliokuja miaka miwili bila senti, hawakurudi. Nikamwendea mmoja nyumbani, namheshimu sana, ni kaka kwangu. Akaniambia, "Mdogo wangu, zamani nilikuwa nakuja kwa sababu ni kazi yetu. Sasa nimeshajua ni kazi ya bei gani."

Maneno yale nimetembea nayo mpaka leo.

Wakubwa wa dunia nao yamewakuta. Kila Oktoba kampuni ya DigitalOcean huendesha kampeni iitwayo Hacktoberfest, iliyoanza mwaka 2014. Mwaka 2020 masharti yalikuwa mepesi: tuma maombi manne ya mabadiliko kwenye miradi huria, upate fulana. Nia njema tena. Kilichotokea ni mafuriko. Watu walitafuta mradi wowote, wakaongeza neno moja la sifa kwenye ukurasa wa maelezo, wakatuma, wakahesabu moja. Watunzaji wa miradi, wale wale wanaojitolea usiku, wakaamka na kazi ya kufagia takataka za wageni waliotaka fulana. Mwezi huohuo ikabidi masharti yabadilishwe, kwamba mradi uhesabiwe tu kama wenyewe umekubali kushiriki. Zawadi ilimlenga mchangiaji ikamwangukia mtunzaji kichwani.

Na Debian, je? Debian ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta ulioanza mwaka 1993, umejengwa na watu wa kujitolea kiasi cha elfu moja kutoka duniani kote. Mwaka 2006 baadhi yao, akiwemo kiongozi wa mradi wa wakati huo, walisema: matoleo yetu yanachelewa, hebu tukusanye michango nje ya mradi, tuwalipe wasimamizi wawili wa toleo, kila mmoja mwezi mmoja wa kazi ya kutwa, ili toleo litoke Desemba. Hesabu inaonekana safi. Lakini wenzao waliona wamegawanywa, hawa wa kulipwa na hawa wa bure, na wapo waliotamka wazi kuwa moyo wa kazi umewapungua. Toleo lile lilitoka tarehe 8 Aprili 2007. Sisemi lilichelewa kwa sababu hiyo peke yake. Programu huchelewa kwa mambo mengi. Nasema ule ugomvi uliwagharimu jambo ambalo fedha haikulinunua.

Mnaona tofauti na noti ya shangazi? Noti ya shangazi ilikuja baada ya wimbo, haikuahidiwa kabla. Ilitolewa hadharani, kila mtu akaona ni kwa nini. Na shangazi hakuwahi kusema, ukiimba beti nne nakupa tano.

Lakini, ndugu zangu, mkono mtupu haulambwi. Asije mtu akatoka hapa akasema fulani amesema fedha haifai, wachangiaji tuwape makofi. Wapo wanaopenda sana kusikia hivyo, hasa wenye makampuni. Makofi hayanunui bando. Makofi hayalipi umeme.

Aprili 2014 dunia iligundua hitilafu iliyoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa ya seva, zile kompyuta zinazoendesha huduma za intaneti: nywila, namba za kadi, barua. Hitilafu yenyewe ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Watu wakauliza, hawa OpenSSL ni kampuni gani? Wakakuta ni kikundi kidogo mno. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kutwa. Michango waliyokuwa wakipata kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Mabenki ya dunia nzima yalikuwa yanalala usingizi nyuma ya mlango huo, na aliyeushika mlango alikuwa anapewa kiasi kisichotosha hata kodi ya nyumba ya mjini. Baada ya aibu ile ndipo makampuni makubwa yakachanga kupitia Linux Foundation, shirika linaloisimamia Linux. Baada.

Miaka kumi ikapita. Machi 2024, mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima kasi ya kitu kingine kabisa. Akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema ni mtandao. Yeye akachimba, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya programu ya kubana faili iitwayo xz. Na ulipachikwaje? Hapa ndipo pa kusikiliza. Programu ile ilikuwa inalelewa na mtu mmoja, bure, miaka mingi. Amechoka. Akatokea msaidizi anayejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, anatuma marekebisho mazuri, mwezi baada ya mwezi, zaidi ya miaka miwili. Na wakati huohuo majina mengine yasiyojulikana yakawa yanamwandama yule mtunzaji: unachelewesha kazi, mbona humpi mwingine? Mwishowe akampa. Jia Tan alikuwa adui.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kwa miaka yote ile, makampuni yaliyokuwa yanatumia kazi ya yule bwana yalikuwa wapi? Nani alimwandikia kumwuliza umelalaje? Msaidizi pekee aliyejitokeza kwa bidii alikuwa mwizi. Tulishindwa kumtunza, kwa maana zote mbili za neno.

Kwa hiyo fedha iende wapi? Nasema iende kwenye mzigo. Usimlipe mtu kwa idadi ya mistari, utaletewa mistari. Mlipe anayebeba: anayesoma kazi za wengine, anayejibu hitilafu za usalama usiku, anayelea seva. Mlipe kwa makubaliano yaliyo wazi, wenzake wakijua, wakikubali, kabla hajaanza. Google wamekuwa wakiwalipa vijana kuchangia miradi huria kila mwaka tangu 2005. Mpango uitwao Outreachy nao unatoa dola 7,000 kwa miezi mitatu kwa watu wa makundi ambayo hayaonekani sana kwenye fani hii, na mmoja wa waliopitia huko ameketi hapa leo. Hizo si posho. Zina mwanzo, zina mwisho, zina mlezi anayekufundisha, na kila mtu anajua nani amepata na kwa nini.

Na iende kwenye gharama. Huku kwetu, kujitolea si bure. Kijana wa Gongo la Mboto anayepakua msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, wa mradi mkubwa anamaliza bando la wiki kwa usiku mmoja. Mwenzake wa Berlin hata hajui kama kuna kitu kinahesabiwa. Umeme ukikatika, mmoja anapoteza saa mbili, mwingine hapotezi kitu. Tunapowaambia wote wawili "karibuni mjitolee", hatujawaalika sawa. Kumrudishia mtu bando lake siyo kuinunua kazi yake. Ni kumwambia hatutaki utoe jasho halafu utoe na mfuko.

Baada ya jibu, jina, na fedha mahali pake, kuna zawadi moja kubwa kuliko zote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumezoea kuisema methali hii kama kumkomoa mgeni, kwamba sasa basi, afanye kazi. Nawaomba muisikie upya. Siku ya kwanza na ya pili, unapewa chakula, unakaa mkekani, wewe ni wa nje. Siku ya tatu unapewa jembe. Umekuwa mtu wa nyumba hii. Unaaminiwa na shamba.

Mwaka 2004, Eldoret, palikuwa na kliniki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, chini ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wanaongezeka, mafaili hayatoshi. Humo ndimo ilimozaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, na leo mifumo ya Kenya na Uganda imejengwa juu yake, na nchi nyingine nyingi. Jamii ile iliamua kuweka ngazi kwa wachangiaji wake. Unaanza sifuri, unapanda moja, mbili, mpaka tano, na kila ngazi ina maana: sasa unaweza kupokea kazi hii, sasa unaweza kuwaongoza wengine. Wapo vijana wa Kampala na Nairobi waliozipanda ngazi zile bila kuulizwa cheti cha chuo. Wakapewa jembe.

Lakini, wenzangu, ni siku ya tatu. Si siku ya kwanza. Wazee hawakuitaja siku bure. Jia Tan naye alipewa jembe, na shamba halikuwa na jicho la pili. Jembe hutolewa na mtu aliyekula nawe, aliyekuona ukikosea na ukikubali kosa, na hata ukishapewa mnalima wawili wawili.

Nina dogo la mwisho. Kule harusini, taarabu ilipoisha, nilitoka nje kupunga upepo. Nikakuta vijana wawili wanapakia spika kwenye gari. Walifika saa nane mchana, walivuta nyaya, walizuia sauti isikwaruze usiku kucha. Hakuna aliyewatunza. Hata shangazi hakuwatunza, kwa sababu hakuwaona. Katika miradi yetu hao ni akina nani? Ni anayeandika maelekezo. Ni anayejibu swali lilelile la mgeni kwa mara ya arobaini bila kumkaripia. Ni mtafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, na ili itoke watu walikaa wakabishana neno kwa neno. Kitufe hiki tukiiteje? Hifadhi au tunza? Ukifungua leo programu yenye Kiswahili, jasho la watu kama wale limo. Mstari wa msimbo una jina la mwandishi pembeni. Neno la kwenye kitufe halina. Basi tuwaandike sisi. Kila toleo linapotoka, mtafsiri, mjaribu programu, aliyeripoti hitilafu, wote waandikwe mahali pamoja na waandishi wa msimbo, jina lote, na kama lina ritifaa, libaki na ritifaa yake.

Chai inakuja saa nne na nusu, nimeambiwa. Tuna dakika ishirini. Naomba mnaotunza miradi mfungue kompyuta zenu sasa hivi, mtafute ombi moja ambalo halijajibiwa. La zamani kuliko yote. Msichague rahisi. Mlisome mpaka mwisho, mjibu kwa jina la mtu. Ambao hamna mradi, fungueni programu mliyoitumia asubuhi ya leo, mtafute nani anailea, mumwandikie ilichowafanyia.

Mimi ninalo moja limelala kwangu tangu Machi, la kijana aliyeko Kigoma. Ameandika mistari kumi na moja na swali moja. Nimelipita mara nyingi nikisema nitalirudia. Naanza na hilo.